Chupa ipo ndani ya soksi, na mke wangu hajui

Ndugu mshauri, salaam.

Nina miaka 42. Nilianza kupiga chuma nikiwa na miaka 22, nikaacha nikiwa na 31, na sasa ni wiki ya 14 tangu nirudi. Siku ya kwanza niliweka kilo 60 kwenye benchi, nikijiambia ni za kupasha mwili tu. Mara ya sita chuma kikanikalia kifuani. Kijana aliyekuwa akifanya mazoezi pembeni akaja mbio, akakiinua kwa mikono miwili, akaniambia, "Pole, mzee." Enzi zangu nilikuwa nasukuma kilo 140 mara tano, na hakuna aliyeniita mzee.

Nikikaza uzi hivi hivi, nasonga. Nimefika kilo 95, mashati yameanza kubana mabegani. Wanasema misuli iliyowahi kujengwa ina kumbukumbu, kwamba viini vya seli vinavyoongezeka ndani yake havipotei upesi hata mwili ukisinyaa. Ajabu ni kwamba hilo nalo linaninyima raha, kwa sababu misuli yangu ya zamani sikuijenga kwa jasho peke yake. Kinachogoma ni viwiko. Misuli inarudi haraka, kano zinaburuta nyuma, na asubuhi nikifungua mfuniko wa chupa ya maji nasikia kama nimechomwa sindano.

Na sindano ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kwa miaka minne, kuanzia nikiwa na miaka 27, nilitumia steroidi, zile dawa za homoni za kujaza misuli. Vidonge kwanza, kisha testosteroni, homoni ya kiume, ya kuchoma kwenye tako, mara kushoto, mara kulia. Sitakudanganya kwamba hazikufanya kazi. Nilijaa. Nikiingia mahali watu walipisha. Pia mgongo ulifumuka chunusi, presha ikapanda, na chini ya chuchu ya kushoto pakaota kitu kigumu kama punje ya harage ambacho mpaka leo kipo. Nilipoacha niliacha ghafla, bila kumwambia daktari yeyote. Miezi saba iliyofuata sitaki kuikumbuka: usingizi mbaya, hamu ya mwanamke hakuna, machozi yasiyo na sababu. Baadaye sana ndipo nilipojisomea kwamba ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kutuma amri, na korodani hulala usingizi na kunywea. Sindano zikikoma, mwenye nyumba haamki siku hiyo hiyo.

Nilioa mwaka mmoja baada ya kuacha. Tulikaa miaka miwili bila mtoto. Mke wangu ndiye aliyehangaika. Alitolewa damu sijui mara ngapi, akapigwa picha ya mirija ya uzazi, ile wanayokusukumia dawa ndani, akarudi nyumbani amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari akiwa ameshika tumbo. Mimi niliombwa mbegu zangu zipimwe, nikawa kila siku nina kazi. Daktari aliniuliza mbele ya mke wangu kama nimewahi kutumia dawa zozote. Nikajibu hapana. Nilijibu haraka, hata sikumeza mate. Hatimaye mimba ikaingia, binti yetu ana miaka saba, na mke wangu mpaka leo anaamini kwamba kasoro ilikuwa yake. Huwa anaombea tumbo lake.

Sasa anataka mtoto wa pili. Ana miaka 38, anasema tusichezee muda.

Na wiki hiyo hiyo aliyolisema hilo, yule kijana wa "pole, mzee" (tumekuwa marafiki, ni mtu wa watu) akaniletea chupa ndogo. Lebo imebandikwa upande, wino unatoka ukiipitishia kidole kilicholowa. Kilichomo humo anakijua aliyekichanganya. Kijana ana maneno. Alinisimulia utafiti wa 1996 ambapo wanaume walichomwa testosteroni kwa wiki 10, na hata waliokaa bila mazoezi wakaongeza misuli. Ni kweli, nimeusoma, upo. Ila ulifanyika chini ya macho ya madaktari, kwa dawa inayojulikana, kwa muda mfupi. Mimi nitachomwa na nani? Presha yangu wiki iliyopita ilikuwa 148 kwa 94 kabla sijagusa chochote, na najua dawa hizi hushusha kolesteroli nzuri, hufanya damu kuwa nzito na kunenepesha kuta za moyo. Mimi si mtoto wa kudanganywa. Nadanganywa huku najua.

Ukiniuliza naitakia nini, sina jibu la kiume. Sishindani popote. Nataka tu kile kioo cha jimu kinirudishie yule mtu.

Nilifikiria njia ya halali pia: niende nikapimwe homoni asubuhi, na ikionekana iko chini niandikiwe na daktari. Lakini nasikia hata testosteroni ya daktari huzima mbegu vilevile, kwa hiyo kwa mwanamume anayetafuta mtoto hiyo si njia ya kukimbilia. Na daktari yeyote wa maana ataniuliza lile swali la zamani.

Naomba unisaidie hapa. Nikienda kupima, nieleze historia yote hiyo, na niombe vipimo gani zaidi ya mbegu? Mwili uliowahi kuzimwa kwa miaka minne ukizimwa tena kwenye umri huu, kuna uhakika wowote wa kuamka? Na la tatu ndilo linaloninyima usingizi: mke wangu nimwambie kabla ya vipimo, au nisubiri majibu yatoke? Nikisubiri na majibu yakawa mazuri, najijua, sitamwambia kamwe. Nikimwambia sasa, itabidi nimwambie pamoja na ile picha ya mirija.

Chupa nimeificha ndani ya soksi, kwenye droo ya chini. Jumatatu ndiyo siku tuliyopanga kuanza. Jana mke wangu alikuwa anapanga nguo, akafungua droo ya juu, ya kati, kisha binti akamwita.

Wako,
Baunsa mstaafu