Mitaro ya Mwanza nayo iwe na wa kuulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu maji ya jiji letu. Maji ya bombani hapa Mwanza yana mwenyewe: kuna mamlaka ya maji yenye bodi, kuna mdhibiti wa bei na ubora, na kuna ofisi ya kupeleka malalamiko. Majitaka nayo yako chini ya mamlaka hiyohiyo kisheria. Maji ya mvua ndiyo yasiyo na wa kuulizwa. Na kwa jinsi jiji hili lilivyokaa juu ya mawe, maji hayo ya aina tatu hukutana ndani ya mtaro mmoja. Ukiacha moja bila msimamizi, umeyaacha yote.

Asiyeamini apande nasi milima ya Mabatini, au Igogo, au Isamilo. Jiwe halichimbiki kwa jembe, kwa hiyo mabomba ya majumbani hupita juu ya ardhi, na njia nyepesi ya kuyapitisha ni mtaroni. Mtaro wa mtaani kwetu ni mwembamba, mtu mzima anauruka bila shida. Ndani yake yamelala mabomba ya plastiki ya nyumba nyingi, yamesongamana, na kwenye viungio watu wamefunga vipande vya tyubu ya baiskeli. Maji yakiwapo, viungio vinarusha maji nje. Yakikatika, bomba linabaki tupu, na uchafu uliolizunguka mtaroni unaingia ndani kupitia nyufa zilezile. Ndiyo maana siku ya mgao akina mama humwaga ndoo ya kwanza kabla ya kukinga ya kunywa. Maji yanatoka mtamboni yakiwa salama, yanachafukia njiani, ndani ya mtaro ambao mamlaka ya maji haina jukumu la kuusafisha.

Njoo sasa kwenye chemba, yale mashimo yenye mifuniko ya kufikia mabomba ya majitaka. Mtandao wa majitaka haukujengwa kupokea mvua. Lakini mwenye nyumba akiona maji ya paa yanamchimbia msingi, huyaelekeza kwenye chemba iliyo karibu na kwake, yeye akapona. Mvua ikizidi, mfuniko unanyanyuka huko bondeni, mbele ya mlango wa mtu mwingine kabisa. Kuna pia wanaosubiri wingu lifunge ili watapishe vyoo, kinyesi kishuke na mafuriko. Hilo kila mkazi wa mlimani analijua, na viongozi wa mitaa wanalijua.

Masika moja mfuniko ulinyanyuka jirani na anapokaa mama muuza dagaa na samaki wa kukaanga, na watoto wa shule walikuwa wakipita humo wameshika viatu mkononi. Tulikwenda ofisi ya kwanza, tukaambiwa yale ni maji ya mvua, hayawahusu. Ofisi ya pili wakasema hayo ni majitaka, turudi tulikotoka. Ya tatu wakauliza kama mtaro uko kando ya barabara yao au uko katikati ya nyumba. Uko katikati ya nyumba. Mwisho tulichangishana tukawalipa vijana, wakazibua kwa mikono mitupu, bila hata glavu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Simlaumu mtumishi hata mmoja katika wale, kwa sababu kila mmoja alijibu kwa mujibu wa mipaka ya kazi yake, na hapo ndipo penye tatizo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inazipa mamlaka za maji majisafi na majitaka. Barabara za mijini na mitaro yake zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017, na zile kuu ziko kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Usafi wa mji ni wa halmashauri, kwa sheria ya mamlaka za miji ya 1982, nasi tunazo halmashauri mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Mito na ziwa vinaangaliwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na uchafuzi wa mazingira unafuatiliwa na taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira. Ofisi zote hizo zinagusa maji, lakini hakuna hata moja inayotakiwa kueleza wananchi, kwa takwimu, mfumo mzima unafanyaje kazi mvua ikinyesha.

Tazama tofauti yake na bei ya maji. Mamlaka ikitaka kupandisha bei, EWURA, yule mdhibiti wa bei na ubora, huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni ya wananchi, wananchi wakasimama wakasema, na Baraza la Ushauri la Watumiaji likatoa maoni yake. Kila mwaka EWURA hutoa ripoti inayozilinganisha mamlaka: saa za huduma, ubora wa maji, kiasi cha maji yanayopotea. Kiwango cha upotevu kinachokubalika ni asilimia 20, na mamlaka ikizidisha, jina lake linasomwa hadharani. Sisemi mfumo huo hauna kasoro, ila mwananchi ana pa kushika. Kwa mitaro ya mvua, taftishi iko wapi? Nani anatuambia kabla ya masika mitaro mingapi imezibuliwa, makalavati mangapi yamejaa mchanga, chemba ngapi hazina mifuniko?

Swali hili limekuwa zito zaidi tangu chanzo cha Butimba kianze kazi. Mradi ule ni mzuri na waliousimamia wanastahili pongezi. Umejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, juu ya zile tulizokuwa tukizipata Capri Point. Lakini wahandisi wa majitaka hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena kama majitaka. Fanya hesabu: zaidi ya lita milioni 38 kila siku zitatafuta pa kwenda mtambo ule ukifanya kazi kwa uwezo wake wote. Nyumba iliyounganishwa na mtandao, sawa, yanakwenda kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Ila wengi wetu bado tuna vyoo vya shimo na makaro, na shimo lililochimbwa juu ya mwamba halinyonyi, linajaa haraka. Kadiri bomba linavyopanda mlimani bila mfereji wa majitaka kulifuata, ndivyo mtaro unavyogeuka kuwa mfereji huo. Hatuwezi kuendelea kufurahia nusu ya kwanza ya kazi tukaiacha nusu ya pili.

Na mtaro wetu unaishia wapi? Unaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani, si mbali na mwalo na si mbali na mahali jiji linapovuta maji ya kunywa. Kutoka ziwa hilihili, pale Ihelele wilayani Misungwi, maji husafirishwa hadi Shinyanga, Kahama na Tabora. Ziwa likipanda, kama tulivyoshuhudia mwaka 2020 na tena 2024, midomo ya mitaro huzama, maji hukosa kasi, na taka zote zilizotoka mlimani hubaki zimeelea katikati ya makazi ya watu. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo.

Ninachopendekeza hakihitaji kuunda wakala mpya. Tunao wa kutosha. Halmashauri zetu mbili ziunde kamati moja ya pamoja ya kusimamia maji yote matatu, iwe na mamlaka ya maji, TARURA, TANROADS, Bodi ya Bonde, madiwani, na wakazi wa milimani wenyewe, waliochaguliwa kwenye mikutano ya mitaa. Kazi yake ya kwanza iwe ramani moja inayoonyesha bomba, mfereji wa majitaka na mtaro kwa pamoja, na kila kipande kiandikwe jina la mwenye jukumu. Kila Februari, kabla mvua za masika hazijaanza, ufanyike ukaguzi wa wazi kata kwa kata, na matokeo yake yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa. Na iwe kanuni kwamba ofisi inayopokea malalamiko kwanza haimrudishi mwananchi. Inayabeba yenyewe mpaka yafike kwa mhusika.

Kuhusu fedha, naomba fungu la mitaro lisimame peke yake kwenye bajeti. Likichanganywa na barabara linamezwa na lami. Wapo wanaonong'ona kuwe na tozo ndogo ya maji ya mvua kwenye ankara ya maji. Mimi nisingepinga kulipa, ila ripoti itangulie, tuone kwanza kilichofanyika kwa fedha zilizopo.

Kuna la kuwaambia majirani zangu pia. Anayetapisha choo mvuani anawalisha kinyesi watoto wa bondeni, nami sina neno jepesi la kulisema. Hata hivyo faini peke yake haitamaliza jambo hili. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda kwetu kwa sababu barabara hakuna, na hata likifika bei yake inawashinda wengi. Ziletwe pampu ndogo za kubebwa na watu, ziwe na vituo vya kupokelea uchafu chini ya mlima, kwa bei inayojulikana, halafu ndipo anayevunja sheria ashikwe. Kumtoza faini mtu ambaye hukumpa njia nyingine si haki. Vivyo hivyo mabomba yaliyomo mitaroni: yaondolewe na yawekwe juu ya nguzo au ukingoni mwa mtaro, kazi ambayo mafundi wetu wanaiweza kabisa, lakini ifanywe kwa mpango wa mtaa mzima, asiachiwe kila mwenye nyumba na kipande chake.

Namwomba diwani yeyote wa Nyamagana au Ilemela anayesoma gazeti hili aulize swali moja katika kikao kijacho cha baraza: mitaro inayoshuka kutoka milima ya Mabatini hadi Mirongo ni ya nani, na ilisafishwa lini mara ya mwisho? Nawe Mhariri, nakuomba uchapishe jibu litakalotolewa.

Wako,
Mkazi wa Mabatini,
Mwanza