Risala ya Wahitimu wa Muziki kwa Mgeni Rasmi: Maisha na Kazi ya Mpiga Besi Israel López "Cachao"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, itifaki ikiwa imezingatiwa,

Kwa niaba ya wanafunzi wa muziki wanaohitimu leo, tunakushukuru kwa kuupokea mwaliko wetu na kufika hapa Morogoro kuwa pamoja nasi. Katika mahafali yetu, kundi linalohitimu huchagua mwanamuziki mmoja, likapiga kazi zake jukwaani na kumsomea mgeni rasmi habari zake. Sisi tumemchagua Israel López Valdés wa Kuba, aliyejulikana kote kwa jina la Cachao. Tumemchagua kwa sababu alikuwa mpiga besi, na katika bendi nyingi mpiga besi husimama nyuma, jina lake halitajwi, na watu hutambua kuwa yupo siku anapokosea tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Cachao alizaliwa Havana tarehe 14 Septemba 1918, katika nyumba ileile alimozaliwa José Martí, mshairi na mpigania uhuru wa Kuba. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa besi hasa: wazazi, ndugu, binamu na wapwa waliopiga chombo hicho walifika makumi. Alianza utotoni kwa kupiga ngoma ndogo ziitwazo bongo katika kikundi cha watoto, na alipokuwa na umri wa miaka kama 9 alikuwa tayari anapiga besi katika ukumbi wa sinema wa Guanabacoa, akisindikiza filamu zisizo na sauti pamoja na mpiga piano Ignacio Villa, ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa kwa jina la Bola de Nieve. Kazi hiyo ilimtaka mtoto ayafuate kwa macho yanayotokea kwenye pazia na kubadilisha mwendo wa muziki papo hapo, bila kusubiri kuambiwa.

Kabla hajatimiza miaka 14 aliingia katika Okestra ya Filamonia ya Havana. Kimo chake hakikulingana na besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama, kwa hiyo alipandishwa juu ya sanduku ili mikono ifikie nyuzi. Alidumu katika okestra hiyo kwa takriban miaka 30, akipiga kwa upinde, akisoma nota za watunzi wa Ulaya, chini ya waongozaji wakubwa akiwemo Erich Kleiber. Jambo lililotushangaza tulipokuwa tukisoma habari zake ni kwamba miaka hiyohiyo, baada ya kutoka kwenye okestra, alikwenda kwenye kumbi za dansi na kupiga hadi usiku wa manane. Mkono ni uleule na besi ni ileile, lakini huku alitakiwa asiongeze hata noti moja isiyoandikwa, na kule alitakiwa awainue watu vitini.

Bendi yake ya dansi iliongozwa na mpiga filimbi Antonio Arcaño, na ndani yake alikuwemo kaka yake, Orestes López, aliyepiga piano na selo, yaani fidla kubwa. Ndugu hawa wawili walitunga danzón kwa maelfu. Danzón ulikuwa muziki wa heshima, wa fidla na filimbi, wenye sehemu zinazofuatana kwa mpangilio maalumu na mapumziko ambayo wachezaji huyatumia kusalimiana na kujipepea. Mwaka 1938 ndugu hao waliifungua sehemu ya mwisho: badala ya kuimaliza kama ilivyozoeleka, waliweka mzunguko mfupi unaorudiwa, besi na piano zikishikana, huku filimbi ikiachiwa uwanja wa kubuni. Utunzi wa Orestes wa mwaka huo uliitwa "Mambo". Mtindo huo haukupendwa na wote mara moja, lakini mbegu ilikuwa imepandwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 kiongozi wa bendi Pérez Prado, akiwa Mexico, aliusambaza muziki wa jina hilo duniani kwa bendi kubwa ya tarumbeta na saksafoni.

Tunaomba radhi kukaa kidogo kwenye jambo la kiufundi, maana hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Katika muziki wa Kuba wa aina hii, noti ya besi ambayo sikio linaitarajia kwenye pigo la kwanza hupigwa mapema, kwenye pigo la nne lililotangulia, kisha huachwa iendelee kulia. Pigo la kwanza linabaki bila kuguswa na besi. Mwili wa mchezaji unasukumwa mbele kulitafuta pigo hilo, na mguu wake ndio unaolijaza. Wakati wa mazoezi tuligundua kwamba noti ni chache na vidole havichoki, ila moyo unakuwa na haraka ya kukanyaga pigo la kwanza. Kujizuia huko ndiko kulikotuchukulia muda mwingi.

Mwaka 1957 Cachao aliwakusanya wanamuziki wenzake katika studio ya Panart, Havana, alfajiri, baada ya kila mmoja kumaliza kazi yake ya usiku. Walikuwepo Tata Güines kwenye tumba, Richard Egües kwenye filimbi na Alejandro Vivar kwenye tarumbeta. Walikuja na maongozi machache tu ya mdundo, kisha wakapiga kwa kubuni, vipande vifupi vya dakika mbili au tatu, ambamo kila chombo kilipata zamu yake na besi ikapewa nafasi ya kusema mbele ya wenzake. Kurekodi kikao kama hicho, kinachoitwa descarga kwa Kihispania, hakukuanzia kwake, lakini rekodi hizo ndizo ambazo wapiga salsa wa New York walizisikiliza kwa miaka mingi baadaye, na kwa maoni yetu hakuna somo bora zaidi la kusikilizana katika bendi. Mwaka huohuo ilitoka pia kazi yake iitwayo "Chanchullo". Mzunguko wake ndio uliojengewa "Oye cómo va" ya Tito Puente, ambayo mpiga gitaa Santana aliipeleka duniani kote mwaka 1970. Watu wengi wameucheza mdundo huo bila kulijua jina la Cachao.

Aliondoka Kuba mwaka 1962, akapitia Hispania, kisha akafika New York, ambako alipiga na viongozi wa bendi Machito, Tito Rodríguez na Tito Puente. Baadaye alifanya kazi Las Vegas, na hatimaye akahamia Miami. Huko, mtu aliyebadilisha muziki wa bara zima alipiga kwenye harusi na sherehe za ubatizo, kwa watu ambao wengi wao hawakumjua. Sisi hatuisomi sehemu hii kama fedheha, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba aliipiga besi yake kwa uzembe hata siku moja. Mwaka 1992 mwigizaji Andy García alimwandalia onyesho la heshima Miami na kulifanyia filamu, na umri wa kuzeeka ukawa umri wa kutunukiwa: tuzo za Grammy, nishani ya taifa ya Marekani kwa wasanii wa jadi mwaka 1995, na nyota yake Hollywood mwaka 2003. Alifariki dunia Coral Gables, Florida, tarehe 22 Machi 2008, akiwa na umri wa miaka 89. Mpwa wake, Orlando "Cachaíto" López, ndiye aliyepiga besi katika kundi maarufu la wanamuziki wa Kuba, Buena Vista Social Club.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari hizi haziko mbali na mji huu. Santuri za Kikuba zenye alama ya GV zilifika Kongo na Afrika Mashariki, na hapa Morogoro Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, akaimba Kiswahili juu ya midundo iliyotoka ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo tunaleta kwako maombi yetu. Chuo kina gitaa moja la besi la umeme, na hakina besi kubwa ya mbao; tunaomba utusaidie kuipata, pamoja na pinde zake na nyuzi za akiba. Tunaomba pia wazee waliopiga besi katika bendi za dansi za mkoa huu waalikwe kufundisha sambamba na walimu wa nota, na kazi zao zirekodiwe wakiwa hai. Baada ya risala hii tutapiga danzón moja na mizunguko miwili ya descarga, na mpiga besi wetu atasimama mbele.

Tunaomba kuwasilisha.