Kosa 401 linatukesheza, tuandikieni maelezo ya Kiswahili

Mhariri, naomba nafasi niseme hili linaniuma. Mimi natengeneza mifumo ya maduka hapa Dar, juzi nimekesha siku mbili naunganisha duka la mteja na API, yaani njia ya programu kuongea na programu nyingine, ya kampuni moja ya malipo, kila nikituma ombi seva inarudisha namba ya kosa 401, yaani haijakutambua, sio 403 ambayo inakujua ila huna ruhusa, na hizo mbili vijana wengi wanazichanganya wanapoteza muda kweli. Nimekagua ufunguo, ile nywila ya siri ya kunitambulisha kwa seva, uko sawa, saa ya seva sawa, kumbe shida niligeuza ufunguo kuwa Base64, yaani kuuandika upya kwa herufi na alama maalum, kwa kutumia amri ya kompyuta ya echo bila kuweka -n, basi inaongeza mstari mpya mwishoni, kwa macho huuoni lakini kwa seva huo ni ufunguo mwingine kabisa! Nimerekebisha, nikakwama tena, kumbe natumia ufunguo wa majaribio kwenye anwani ya malipo halisi. Sasa jamani hizi kampuni zinashindwa nini kutuandikia mambo haya kwa Kiswahili, na seva iseme wazi kama tokeni, yaani kibali cha muda cha kuingilia, imeisha muda? Siku zote hizo mteja wangu hajapokea hata oda moja mtandaoni.

Mtengeneza programu, Dar es Salaam