Kabla ya kurefusha umri, tuandike ukomo wa vyeo na mali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu matarajio, yanayozidi kuzungumzwa siku hizi, kwamba sayansi huenda ikamwezesha binadamu kuishi miaka 120, 150 au hata zaidi akiwa bado na nguvu zake. Mjadala huu ukianza, wengi hukimbilia swali la chakula na makazi. Swali hilo ni halali, ila sioni kama ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa wingi wa watu hutegemea sana idadi ya watoto wanaozaliwa, na Japani, ambayo watu wake ni miongoni mwa wanaoishi muda mrefu zaidi duniani, inapungukiwa na watu mwaka hadi mwaka. Linalonisumbua mimi ni jinsi taratibu zetu nyingi zilivyoegemezwa kwenye kifo bila sisi kukiri.

Kwanza niondoe dhana moja. Husemwa kwamba umri wa binadamu umekwisha kurefuka zaidi ya mara mbili na dunia haikuharibika, kwa hiyo hofu ya nini? Ni kweli kwamba wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa kama miaka 32 mwaka 1900 na ukafika kama miaka 73 mwaka 2019. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na watoto na vijana kuokolewa kwa chanjo, maji safi na viuavijasumu. Hata zamani, aliyevuka utoto salama aliweza kufikia miaka 70. Mwendo wenyewe wa kuzeeka haukuguswa sana. Mwaka 1825 mwanahisabati Mwingereza Benjamin Gompertz alionyesha kwamba hatari ya mtu mzima kufa hupanda kwa kujizidisha kadiri umri unavyosonga, na kwa hesabu za leo hatari hiyo huwa maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Mwendo huo ndio watafiti wa sasa wanaotaka kuupunguza. Mwaka 1993 mwanabiolojia Mmarekani Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba badiliko la jeni moja tu lilimfanya mnyoo mdogo wa udongoni aishi mara mbili ya kawaida yake. Mnyoo si mtu, na tangu Jeanne Calment wa Ufaransa afariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, hakuna aliyethibitishwa kumpita. Basi sisemi kwamba dawa imekwisha kufika. Nasema muda wa kujiandaa tunao.

Huyo Bi Calment ana kisa ambacho, kwa maoni yangu, kinaeleza tatizo zima. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90 na hana mrithi, alifunga mkataba na mwanasheria mmoja aliyekuwa na miaka 47: mwanasheria atamlipa faranga 2,500 kila mwezi muda wote bibi atakapokuwa hai, na bibi akifariki, nyumba yake itakuwa mali ya mlipaji. Ilionekana biashara ya wazi kabisa. Mwanasheria alilipa kwa miaka 30, akafariki mwaka 1995 akiwa na miaka 77 bila kuishi humo hata siku moja, na mjane wake akaendelea kulipa mpaka bibi alipofariki. Jumla ya malipo ilizidi mara mbili ya thamani ya nyumba. Watu hucheka wanapokisikia kisa hiki, nami nilicheka. Lakini mkataba ule haukuwa na kosa lolote la kisheria. Kosa lake lilikuwa moja, kwamba uliiachia mauti kazi ya kupanga tarehe.

Sasa tutazame ni mikataba mingapi ya jamii nzima iliyoandikwa hivyo hivyo. Majaji wa mahakama za shirikisho za Marekani hushika nafasi zao maisha yote, kwa katiba iliyotungwa mwaka 1787, wakati ambapo hakuna aliyewaza kwamba maisha yote yangeweza kuwa miaka 100 kazini. Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza alirithi kiti mwaka 2022 akiwa na miaka 73, baada ya mama yake kutawala kwa miaka 70. Kwa ufalme ambao mamlaka yake ni ya heshima zaidi, kungoja huko kunavumilika. Lakini mweke mahali pa malkia huyo mwenye kampuni, mkuu wa chama au profesa anayeamua nani apate fedha za utafiti, kisha umwongezee miaka 80. Wanasayansi wenyewe hutaniana kwamba taaluma yao husonga mbele kila mzee mmoja anapozikwa. Ni utani mkali, lakini sijasikia akiupinga kwa dhati hata mmoja wao.

Kwenye mali hali ni nzito zaidi. Fedha inayokua kwa asilimia 5 kwa mwaka huwa maradufu kila baada ya miaka 14 hivi, na katika miaka 100 huzidi mara 130. Leo mali ya namna hiyo hugawanyika angalau mara moja katika kila kizazi, kwa sababu mwenyewe hufariki na warithi hugawana, huuza, hugombana na wakati mwingine hutapanya. Hata utapanyaji huo una faida yake, kwani mali hubadilisha mikono. Mwenye mali akiishi miaka 150, mtoto wake atarithi akiwa na miaka 120, na aliyezaliwa bila kitu atashindana sokoni na mtu aliyeanza kuweka akiba karne nzima kabla yake.

Kuhusu pensheni sitasema mengi, maana hapo angalau hesabu hufanyika hadharani: Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzeeni mwaka 1889 iliweka miaka 70, ikaishusha hadi 65 mwaka 1916, na kilichowahi kushushwa kinaweza kupandishwa, kwa ugomvi lakini kinaweza. Kifungo cha maisha nacho kitahitaji kufikiriwa upya, kwa kuwa hakimu aliyekitamka hakukusudia miaka 130. Ndoa nawaachia wenye ndoa.

Najua nitajibiwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nakubali, na nisingependa barua yangu isomwe kama dua mbaya kwa wazee, ambao mimi mwenyewe nimo katika safu yao. Daktari au fundi mwenye uzoefu wa miaka 90 na akili timamu angekuwa neema kubwa. Lakini methali yenyewe inasema penye wazee, haisemi kwenye kiti cha wazee. Mtu anaweza kuwapo, akashauri na kuonya, bila kushika muhuri. Kanisa Katoliki, ambalo halijulikani kwa haraka ya mabadiliko, liliona hivyo mapema: mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita aliamuru kwamba kardinali aliyetimiza miaka 80 asipige tena kura ya kumchagua Papa, ingawa anabaki kardinali na heshima yake yote.

Pendekezo langu ni kwamba kila sheria, katiba ya chama na mkataba wenye maneno "maisha yote" upitiwe, na mahali pa maneno hayo iandikwe idadi ya miaka. Na kwamba mali kubwa mno iwe na muda maalumu ambao ukifika sehemu yake itozwe kodi, mwenyewe awe hai au amefariki. Kazi hiyo ifanyike sasa, wakati hakuna anayejua kama yeye atakuwa miongoni mwa watakaoipata dawa hiyo au miongoni mwa watakaosubiri nyuma yao. Ikishapatikana, wa kwanza kuimudu watakuwa wale wale wenye vyeo na mali, na watakaoombwa kupiga kura ya kuweka ukomo watakuwa ni hao.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.