Kwa Nini Mche Wetu wa Msindano Hauuzwi kwa Bei ya Maotea

Kila msimu wa kupanda unapoanza hapa Mafinga, tunalaumiwa kwa jambo lilelile: kwamba tunauza miche ghali ilhali maotea, yaani miche iliyojiotea yenyewe, yanang'olewa bure chini ya misindano (mipaini) mikubwa. Wiki iliyopita mteja mmoja alifika kitaluni na mche uliokauka, akidai tumemwibia. Tuliufukua udongo mbele yake. Kiriba, yaani kifuko cha nailoni kinachooteshewa mche, kilikuwa bado kimeng'ang'ania mizizi, na mzizi mkuu umejikunja kama ndoana. Vibarua wake walilipwa kwa idadi ya mashimo, nao, ili wamalize mapema, walifukia mche pamoja na nailoni yake.

Msindano tunaouotesha, Pinus patula, asili yake ni milima ya Meksiko, ndiyo maana unapenda baridi na ukungu wa Mufindi na Njombe. (Anayetaka kupanda kwenye joto la nyanda za chini asichukue huu, atuulize kuhusu Pinus caribaea.) Kwa kuwa ni mgeni, kuvu anayeishi kwenye mizizi yake na kuusaidia kufyonza fosforasi hayumo katika udongo ambao haujawahi kupandwa misindano. Kwa hiyo tunasomba udongo kutoka chini ya misindano iliyokomaa na kuuchanganya kabla ya kujaza viriba. Kuna mzee aliyewahi kuotesha mwenyewe kwa udongo wa kinyungu, yaani bustani ya bondeni, mweusi wa kupendeza kabisa. Miche yake iligeuka njano ikadumaa, naye akalaumu mbegu.

Maotea, kusema haki, huwa na kuvu huyo. Kasoro yake ni kwamba yanapong'olewa mizizi midogo hukatika, na safari ya saa chache juani humaliza iliyobaki. Ekari moja, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, huingia miche 450 hivi. Ikifa nusu, utalipa vibarua upya kwa kurudishia iliyokufa, na miche ya kurudishia hufunikwa na wenzao waliotangulia. Hesabu hiyo watu huifanya wakiwa wamechelewa.

Yule mteja tulimpa miche 50, si kwa kukubali kosa, bali kwa sababu alikuwa tayari kutazama. Kijana wetu alimwonyesha namna ya kuchana kiriba kwa wembe bila kuvunja bonge la udongo. Yeyote anayenunua kwetu anaweza kuomba aonyeshwe vivyo hivyo shambani kwake. Anachogharimia ni nauli tu.