Daftari litangulie lori: barua kwa wanaojitolea baada ya mafuriko

Wanangu mliojitolea kuwahudumia majirani waliofikwa na mafuriko,

Nawasalimu nyote, na pole kwa waliopoteza mali na wapendwa. Nguvu mnazo na moyo mnao. Ila vitu hivyo viwili vikikosa mpangilio, msaada huwafikia wenye sauti kubwa na kuwapita wenye shida kubwa. Ndiyo maana nawaomba jambo moja kabla ya yote: kabla ya lori la kwanza kupakiwa, daftari liwe limeshaandikwa.

Nendeni wawili wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Kila jozi ipewe njia yake yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ili nyumba isihesabiwe mara mbili wala kurukwa. Kila kaya ipate mstari wake: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, umri wa watoto, nani mjamzito, nani anayenyonyesha, nani hawezi kutembea mwenyewe, dawa gani ya kila siku imekwenda na maji, wanalala wapi sasa, na namba ya simu inayopatikana. Mstari mzuri husomeka hivi: "Watu 6, mmoja mtoto wa miezi 4. Bibi anatumia dawa za presha, zimebaki za siku 2. Wamehifadhiwa kwa jirani. Wanahitaji maji, dawa na blanketi 4." Mstari mbaya ni ule usemao "hali yao ni mbaya, wasaidiwe haraka". Anayepakia mzigo ataufanyia nini?

Wako watu ambao orodha huwaruka karibu kila mahali. Wapangaji, kwa sababu orodha nyingi huanza na wenye nyumba. Waliokimbilia kwa ndugu, kwa sababu hawaonekani kambini, na yule ndugu aliyewapokea naye chakula chake sasa kinaliwa na watu mara mbili ya wale wa awali. Viziwi, ambao tangazo la kipaza sauti haliwafikii. Wazee wanaoona haya kuomba. Hao watafuteni kwa miguu, msingoje waje.

Suala la dawa lisisubiri mgawo. Insulini, dawa za kifafa, za presha, za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI zikikatizwa huleta madhara ambayo blanketi haliwezi kuyatibu. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akiwa na kadi au hata pakiti tupu. Kama vyote vimesombwa, ataje kituo alichozoea kuchukulia dawa.

Nanyi mnaotafuta msaada, ujumbe wa simu uwe mfupi na uliokamilika: mko wapi, kwa alama ambayo mgeni anaweza kuiona, mko wangapi, nani yuko hatarini zaidi, mnahitaji nini, na saa mliyoandika. Ujumbe usio na saa huzunguka siku tatu, na waokoaji wakafuata watu waliokwisha kuondoka. Mkishasaidiwa, tumeni ujumbe wa pili kusema hivyo. Aliyepotezana na jamaa yake aende kwa Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu, kwani kazi ya kuwakutanisha waliotengana wanayo, na haina malipo. Mtoto aliyeonekana peke yake asikabidhiwe kwa mtu anayedai tu kuwa ni shangazi. Aandikwe alipopatikana na alivyovaa, kisha apelekwe kwa ustawi wa jamii au polisi.

Kabla ya kutupa chochote, piga picha. Picha ya kila chumba, ya alama ya maji ukutani ukiweka kitu cha kupimia kimo chake, ya godoro, ya mashine na namba yake. Bima na ofisi za maafa huuliza ushahidi baada ya vitu kuwa vimeshakwenda jalalani. Vyeti vilivyolowa visianikwe juani wala kubanduliwa kwa nguvu. Suuza tope kwa maji safi ya baridi, visambaze kivulini juu ya kitambaa, na utenganishe kurasa kadiri zinavyolegea zenyewe.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini aliyefikwa na mafuriko aulizwe. Nguo chakavu zikija marundo kwa marundo, watu kumi hupoteza siku nzima kuchambua huku maji ya kunywa hayajafika. Semeni wazi mnachokitaka na msichokitaka. Ndoo zenye mifuniko, sabuni, taulo za hedhi, vyandarua, koleo, glavu na mabuti huombwa kila mara na huchelewa kila mara. Palipo na soko linalofanya kazi, fedha mkononi mwa kaya mara nyingi hufaa kuliko furushi, maana mama mwenyewe ndiye ajuaye kilichopungua. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msiyagawe kiholela: yakikorogwa kwa maji machafu huharisha, na anayenyonyesha akiyategemea, maziwa yake hupungua. Wapewe tu watoto wanaoyahitaji, kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Sasa maji, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwani kuharisha huja siku chache baadaye, wageni wakiwa wameshaanza kuondoka. Hesabuni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000. Pasipo na kuni wala gesi, tumieni klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9: matone 2 kwa lita, yaani matone 40 kwa dumu la lita 20, ambayo hayafiki nusu ya kijiko cha chai. Maji yenye tope yaacheni yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha matone yawe 4 kwa lita. Koroga, subiri dakika 30. Yakiwa na harufu kidogo ya klorini, yako tayari. Yasiponuka kabisa, rudia kipimo kile kile na usubiri dakika 15 nyingine. Klorini iliyokaa kabatini miaka huwa imepoteza nguvu, na wengi hudanganyika hapo. Tena klorini haiondoi mafuta ya magari wala dawa za shambani. Maji yenye harufu hizo tafuteni mbadala wake, hata mkiyachemsha hayafai.

Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kisitumike kwa kunywa mpaka kimesafishwa na kutiwa dawa. Wala msikimbilie kukikausha kwa pampu siku za mwanzo. Ardhi inayokizunguka bado imejaa maji, na kisima kikibaki kitupu kuta zake zinaweza kubomoka ndani.

Aliyeanza kuharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti isipokuwepo, lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, basi pimeni, msikadirie. Kuhara kama maji ya mchele, macho kuzama au mtoto kulegea ni safari ya hospitali mara moja, huku akiendelea kunywa njiani.

Kurudi nyumbani kuna mitego yake. Usikanyage maji kufikia swichi kuu ya umeme. Mwite fundi, na mkumbuke kwamba paneli za sola huendelea kutoa umeme mchana hata kama gridi imezimwa. Ukuta uliopinda, ufa mpya au mlango unaokwama ghafla ni ishara ya kutoingia. Nyumba za udongo nyingine husimama ndani ya maji na kuanguka zinapokauka, kwa hiyo wiki ya kwanza msilaze watoto kando ya kuta hizo. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, kwa sababu moshi wake una gesi isiyonuka inayoua waliolala.

Tope litolewe lingali bichi, likikauka hugeuka saruji. Utaratibu ni kuondoa tope, kuosha kwa sabuni, ndipo kutia klorini, kikombe kimoja cha mililita 250 kwa ndoo ya lita 20. Wengi huimwaga juu ya tope, na nguvu yake yote ikaishia kwenye uchafu kabla ya kuvigusa vijidudu. Msiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala na dawa yenye amonia, hutoa hewa ya sumu. Godoro lililolowa maji ya vyoo litupwe, hata likikauka.

Vaeni mabuti na glavu. Mkojo wa panya ulio majini huingia kwenye michubuko na kuleta ugonjwa wa homa, maumivu makali ya misuli ya miguu na macho mekundu, mara nyingi siku 5 hadi 14 baadaye. Ukipata dalili hizo, mwambie daktari kwamba ulifanya kazi kwenye maji ya mafuriko. Ukichomwa na msumari, osha kidonda na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kuhusu fedha na mgawo, sitapunguza ukali. Fedha zishikwe na watu wawili wasio ndugu, na hesabu isomwe hadharani kila jioni. Mgawo ufuate daftari, vigezo vitangazwe mapema, na kusiwe na kurusha vitu kutoka juu ya gari, maana hapo dhaifu hukanyagwa. Msipige picha za watu wakipokea bila ridhaa yao. Na yeyote atakayemdai binti au mama chochote, cha fedha au cha mwili, ili ampe haki yake, aondolewe kazini siku hiyo na apelekwe kwenye sheria.

Aliyefiwa msimlazimishe kusimulia. Kaeni naye, msikilizeni akitaka kusema, ulizeni anahitaji nini leo, kisha mumuunganishe na anayeweza kumpatia. Asiyelala wala kula kwa wiki kadhaa, au anayesema hataki kuishi, asiachwe peke yake, aonwe na mtaalamu.

Pangeni ziara nyingine wiki ya pili na wiki ya sita, kwa daftari lile lile, nyumba kwa nyumba. Wiki ya pili angalieni homa, mbu kwenye madimbwi na watoto wanaoharisha. Wiki ya sita ulizeni kodi ya nyumba, ada, madeni, vyeti vilivyopotea na nani bado analala kwa ndugu.

Ni mimi mzee wenu.