Kibao cha Fundi Kisimame Penye Kazi Yake

Mafundi wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Dar es Salaam kuagiza vibao vya matangazo huwa wameshachagua mahali pa kuvisimamisha, na mara nyingi ni njia panda au karibu na kituo cha daladala, kwa kuwa watu ni wengi. Uchaguzi huo unamfaa mwenye duka au saluni. Kwa fundi bomba, fundi umeme, anayepaua au anayetengeneza madirisha ya aluminiamu, sisi tunashauri aanze na uwanja wa mteja anayemfanyia kazi wakati huo.

Sababu inatokana na namna tunavyojenga. Katika maeneo kama Goba, Madale, Chanika na Kigamboni, nyumba nyingi hazijengwi kwa mkupuo mmoja: mtu huweka msingi, akasubiri fedha, akanyanyua kuta hadi kwenye lenta, kisha akasubiri tena kabla ya kupaua. Kwa hiyo mtaa mmoja huwa na nyumba kadhaa zilizo katika hatua zinazokaribiana, na kila mwenye ujenzi hupita akiitazama kazi ya jirani kwa jicho la mtu ambaye zamu yake inakuja. Huyo akiona paa lililonyooka huwa anataka kujua limepauliwa na nani, na kibao kilichosimama mbele yake kinampa jibu na namba ya simu papo hapo. Kibao cha njia panda humwomba msomaji amwamini fundi asiyemjua, ilhali hiki cha uwanjani kina kazi yenyewe pembeni, na mwenye nyumba yupo wa kuulizwa. Ndiyo maana fundi asikisimamishe mahali ambapo hakuridhika na kazi yake, kwa sababu hapo pia kitasema ukweli.

Ruhusa iombwe wakati wa kupatana bei, wala isisubiri hadi vifaa vimeshafika saiti. Wako wenye nyumba wasiopenda tangazo katika uwanja wao, hasa wanaoishi mbali na ujenzi na kuhofia kwamba kibao kitawaonyesha wezi kuwa kuna vifaa vya thamani ndani, na hofu hiyo ni ya kuheshimiwa. Anayekubali aelezwe kibao kitakaa hadi lini: muda wote wa kazi na wiki chache baadaye unatosha.

Kibao cha sentimita 60 kwa 45 kinabebeka kwa bodaboda na kinafaa kwa barabara za mitaani, lakini hakina nafasi ya kuorodhesha kila huduma. Herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa takriban mita 3, hivyo neno BOMBA au PAA likiandikwa kwa kimo cha sentimita 10 litasomeka bila taabu kwa mita 12. Namba ya simu ipewe sentimita 7 na itengwe kwa mafungu, tarakimu nne, tatu na tatu, ili mpita njia aweze kuikariri. Jina la fundi linaweza kuwa dogo zaidi. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aandike pia namba ya leseni chini kabisa, kwa kuwa atakayeihitaji atasogea kuisoma. Picha za koki, nyundo na nyumba tunashauri ziachwe, kwani hula nafasi ya namba ya simu.

Kwa kuwa kibao hiki kitahama kutoka saiti hadi saiti, bati bapa lenye miguu ya nondo hudumu kuliko fleksi, yaani turubai la plastiki lililochapishwa, ambayo upepo huichana pembeni. Maandishi meusi juu ya njano, au ya buluu iliyokolea juu ya nyeupe, huonekana vizuri. Nyekundu ya kuchapishwa huwahi kupauka juani. Wateja wa Kigamboni na maeneo mengine ya karibu na bahari waombe rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, pamoja na kingo.

Kibao kibaki ndani ya mpaka wa kiwanja. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na barabara za mitaa zilizo chini ya TARURA nazo zina hifadhi yake, kwa hiyo kibao kilichochomekwa kando ya lami kinaweza kung'olewa. Nguzo za umeme zisitumiwe kabisa. Kuhusu ada ya matangazo, fundi aulize halmashauri yake kabla ya kuagiza vibao vingi.

Anayetaka kuagiza atuletee jina la kazi yake, namba moja tu ya simu inayopatikana muda wote, na picha ya mahali ambapo kibao cha kwanza kitasimama, ili tupime umbali kutoka barabarani kabla ya kukata bati.